Gari la Mkunga Dirishani

Gari la mkunga lilirudi likivutwa kwa kamba, na aliyelivuta alikuwa muuza mkaa. Hapo ndipo palipouma. Lingerudi lenyewe, hata kwa kukohoakohoa, watu wangesema gari ni chuma na chuma huchoka. Lakini lilipita mtaa mzima nyuma ya pikapu iliyojaa magunia, mkunga mwenyewe kashika usukani akiwa katika sare yake nyeupe, na kila aliyekuwa kibarazani alijua linapelekwa kwa fundi yuleyule aliyekwisha kusema limepona.

Fundi huyo walimwita Sikio, na jina hilo hakulipata kwa utani. Alikuwa akiegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini inayounguruma, mpini anaubana sikioni, anafumba macho, kisha anakutajia ugonjwa wa gari lako pamoja na tabia ya dereva wako. Wapo mafundi wanaobahatisha na wakapatia. Yeye hakuwa mmoja wao. Watu walikuwa wakileta magari kutoka ng'ambo ya mji ili yasikilizwe tu, kisha wanaenda kuyatengeneza kwao.

Gereji yake ilikuwa uwanja wa mbele wa nyumba, chini ya mabati. Dirisha la sebule lilitazama uwanja huo, na nyuma ya dirisha ndipo mkewe alipofanyia kazi. Yeye alikuwa mpiga chapa. Barua za kuomba kazi, za kuomba uhamisho, za kuomba radhi, zote alizichapa kwenye laptopu kuukuu isiyokaa na chaji. Ukichomoa waya wa umeme tu, imezimika. Aliposikia kamba ikifunguliwa nje, vidole vyake vilisimama katikati ya neno.

"Shikamoo, Mama," alisema Sikio.

"Marahaba, fundi. Nimerudi tena." Mkunga alishuka taratibu, begi lake la kazi mkononi. Ndiye aliyewapokea watoto wote wa nyumba ile walipozaliwa, ambao sasa walikuwa wamekua na kwenda kwao. "Pampu mpya ya mafuta umeniwekea, nikashukuru. Lakini likipata moto, nikigusa mlima, nguvu kwisha. Jana limenizimikia nikienda kwa mwenye uchungu. Nimemaliza safari kwa miguu."

"Walisalimika?"

"Mama mzima, mtoto mzima. Aliyekaribia kufa ni mimi. Mwili huu si wa kukimbizana na mlima tena, mwanangu."

Sikio aliwasha injini. Iliguna, ikashika, na ilipopata joto ikaanza. Mkewe aliisikia kule ndani bila hata kutega sikio: katika kila mzunguko palikuwa na pengo, mdundo mmoja usiotimia. Mama mkwe wake, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua mchele, naye aliinua kichwa. Bibi huyo macho yalikwisha kumtupa mkono, lakini masikio yake yalikuwa mapya kabisa, na alikuwa akiyatumia kwa mambo ya nyumba nne kulia na nne kushoto.

"Linachechemea hilo," alisema bibi. "Mguu mmoja haukanyagi."

Sikio alikuwa hatua chache tu kutoka kwa mama yake, bisibisi sikioni, macho kayafumba. Hakugeuka. Aliendelea kutikisa kichwa taratibu kama mtu anayepokea habari, na mkewe, akimtazama kupitia wavu wa dirisha, alijua kwamba hakuna habari yoyote inayopokelewa pale.

Alijua kwa muda mrefu. Redio ilikuwa imepanda sauti kidogo kidogo mpaka majirani wakaacha kununua betri za redio zao. Ukimwuliza Sikio kama anataka chai au maji, alijibu "ndiyo." Injini alizozisikiliza maisha yake yote zilikuwa zimemla masikio, na yeye hakusema, na mkewe hakusema. Badala yake mke alizidi kuongea kwa upole, karibu kwa kunong'ona, ili asiye wa nyumba ile asije akahisi kwamba mle ndani kuna mtu anayepaswa kupigiwa kelele. Hata siku ya kwanza gari hili lilipoletwa, alilisikia likichechemea akanyamaza. Nani amfundishe samaki kuogelea?

"Ni mafuta hayafiki," Sikio alisema, akizima injini. Mtikisiko aliuhisi kwa mkono, lakini mtikisiko una wazazi wengi, na zamani sikio ndilo lililomwonyesha mzazi wa kweli. "Huenda hata hiyo pampu mpya walituuzia mbovu."

Mkunga alimtazama. Alikuwa na ule utulivu wa watu waliozoea kuwatazama wenzao wakiwa na maumivu.

"Keshokutwa alasiri nitapita," alisema. "Kama bado, nitalipeleka mjini kwenye gereji yenye kompyuta, na hapa sitarudi tena. Sitakusema vibaya popote. Wewe ni mwanangu. Ila mimba haisubiri."

Angemtukana ingekuwa afadhali. Tusi lina jibu, huruma haina. Sikio alishukuru, akabaki ameshika bisibisi mkononi. Alijua, kama mkewe alivyojua, kwamba mkunga akihama, wauguzi watamfuata, na walimu watawafuata wauguzi, na uwanja ule utabaki wa kuanikia nguo.

Walipokaa kula alisema bila kuinua macho, "Shule ya pale juu wanatafuta mlinzi wa geti."

"Mlinzi?" mama yake alidakia. "Mlinzi anayelindwa na nani?"

Hakusikia, au alijifanya. Mkewe alilitazama lile bega lake pana lililozoea kubeba injini, akaliona limeshuka, na hapo ndipo alipofanya uamuzi. Hakumwomba ruhusa. Kuna mambo ukiyaombea ruhusa umekwisha kuyakataza mwenyewe.

Siku hiyo hiyo alikwenda duka la spea, ambalo mwenyewe aliitwa Nati, kwa kuwa alikuwa mfupi na mgumu, na hakufunguka bei kirahisi.

"Waya wa kupimia magari ninao," alisema, akiegemea kaunta. "Na diski yake. Kuna fundi aliacha kazi akaniuzia. Lakini mwambie mzee aje mwenyewe, mama. Vitu hivi vina mambo yake."

"Mzee hajanituma. Nionyeshe."

Wateja wawili waliokuwa pale walitazamana na kucheka. Nati alitoa kasha la plastiki lililopasuka pembe: waya mweusi mnene, upande mmoja kichwa kipana chenye meno ya kuingia kwenye gari, upande wa pili kichwa chembamba cha kuingia kwenye kompyuta. Mke wa Sikio aliugeuzageuza. Kichwa chembamba alikuwa anakijua, ni kama cha mashine yake ya kuchapia. Kile kipana hakuwahi kukiona, lakini hakumpa Nati furaha ya kulijua hilo.

"Bei yake siiwezi," alisema. "Ila rafu zako hazina lebo hata moja. Juzi mtu amekuomba beringi ukampa bushi, akaja kukutukania hapa hapa. Nitakuchapia lebo za duka zima, kila boksi na jina lake, kwa karatasi ngumu."

Wale wateja walicheka tena, safari hii upande mwingine. Nati alikuna kichwa. Aliangalia rafu zake, ambazo hata yeye alikuwa akizipapasa kama mtu atafutaye swichi gizani, akasukuma kasha mbele.

"Lisipofanya kazi usirudishe," alisema.

Asubuhi iliyofuata aliondoa vyombo mezani, akaweka laptopu, akaweka diski. Kisahani cha diski kilikuwa hakifunguki siku nyingi. Alikichokonoa kwa pini ya nywele mpaka kikatoka. Kabla ya yote alinakili kazi zote za wateja wake kwenye flashi na kuitia flashi hiyo kifuani, maana laptopu ile ikifa, nyumba nzima ingebaki bila hata mlo wa barua.

Aliweka programu kwa utaratibu aliouzoea. Soma, kubali, endelea. Soma, kubali, endelea. Wengine hubonyeza bila kusoma. Yeye alisoma kila neno, la Kiingereza kwa Kiingereza chake cha ofisini, kwa kuwa alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye ofisi ya shule, chini ya mkuu aliyekuwa na amri moja isiyojadiliwa: kompyuta ikikuomba uisasishe, isasishe. Kwa hiyo programu ilipofunguka, ikaona intaneti, ikauliza kwa adabu kama angependa toleo jipya, mpiga chapa yule mwenye nidhamu alikubali mara moja. Aliona hata fahari kwamba gari la mkunga litapimwa na kitu kipya.

Sikio alikuwa amesimama mlangoni muda wote, mikono nyuma.

"Nyumba hii," alisema mwishowe, "gari halijawahi kuhojiwa na kompyuta."

"Litahojiwa leo. Nisogezee."

Waya wa kupimia ulikuwa mfupi na laptopu haikuweza kuondoka kwenye umeme, kwa hiyo kilichobaki ni gari kuja mpaka dirishani. Sikio alilisukuma peke yake, bega kwenye nguzo ya mlango, mkono mmoja kwenye usukani, mpaka ubavu wa gari ukakaribia kubusu ukuta wa sebule. Mkewe alifungua wavu, akapitisha waya dirishani, naye Sikio akalala chali chini ya usukani na kuuchomeka mahali pake. Alijua tundu lilipo. Alikuwa amelipita miaka yote kama mtu anavyopita mlango wa ofisi asiyokuwa na shida nayo.

"Funguo hatua ya pili," mke alisoma kwenye skrini. "Usiwashe."

Taa za dashibodi ziliwaka. Mke alibonyeza. Mstari ulitembea kwenye skrini, ukafika mwisho, na maneno mekundu yakatokea: kifaa hakitambuliki. Alihamishia waya kwenye tundu jingine la laptopu. Hakitambuliki. Alizima, akawasha, akasubiri kama wanavyosubiri wenye imani. Hakitambuliki.

Akiwa katika hali hiyo alikuja mteja mmoja kuchukua barua yake ya kuomba uhamisho, akakuta gari dirishani na waya unatoka sebuleni.

"Kumbe siku hizi gari linachaji kama simu," alisema, na wale wa kibarazani kwa jirani wakapata cha kuchekea mpaka mchana.

Mke wa Sikio alimpa barua yake, akafunga mlango, na machozi yakamjaa. Alikuwa amejitolea lebo za duka zima kwa kipande cha waya. Alimtazama mumewe akitarajia lile neno la lawama ambalo mume yeyote angelisema. Alikuwa na haki nalo.

Sikio hakulisema. Alivuta kiti, akaketi karibu yake, akaegemeza viwiko kwenye meza kama anavyoegemea kwenye boneti.

"Waya huu ulipotoka kwa Nati ulikuwa unafanya kazi?"

"Ndivyo alivyosema."

"Wewe umefanya nini baada ya hapo? Nitajie moja moja. Usiruke hata unaloliona dogo."

Alimtajia, akikaza sauti kidogo. Pini ya nywele. Diski. Kusoma na kukubali. Toleo jipya.

"Hapo," alisema Sikio. "Waya ni wa zamani?"

"Wa zamani."

"Na diski?"

"Vyote vya umri mmoja."

"Halafu wewe ukabadilisha kimoja ukaacha kingine." Alisema hivyo bila kulaumu hata chembe, kama anavyozungumza na mteja aliyetia mafuta siyo. "Gari likikataa baada ya kuguswa, hulifungui lote. Unarudi kwenye kitu cha mwisho ulichogusa, unakitoa, unaliacha kama lilivyokuwa. Wengi wanashindwa kwa sababu wanaona aibu kurudi nyuma."

Mkewe alimtazama mtu huyu, ambaye asubuhi hiyo alikuwa tayari kwenda kukaa getini, na akaona ni ujinga mtupu dunia kumkosa fundi wa namna ile. Hayo aliyafikiri wazi kabisa, kwa maneno hayo hayo. Kisha akachomoa modemu ya intaneti, akaitia kwenye droo ya vijiko, akafuta programu yote na kuanza upya na diski ya zamani. Safari hii programu haikuona intaneti, kwa hiyo haikuuliza habari za toleo jipya.

Mstari ulitembea, ukafika mwisho. Skrini ikajaa namba na majina. Gari la mkunga lilikuwa linaongea.

"Mama yangu!" alisema mke, mikono kichwani.

"Washa sasa?" aliuliza Sikio.

"Washa. Liache lipate moto."

Lilipata moto. Moshi nao ulipata njia ya dirishani, na bibi akatoka chumbani kwake akikohoa na kuuliza kama wameamua kumkausha kama samaki. Mke alikuwa amekodoa macho, kwa sababu taa ndogo ya njano ilikuwa imewaka kwenye skrini, na pembeni yake palikuwa na mstari mmoja tu.

Aliusoma mara mbili kabla ya kutafsiri.

"Inasema silinda ya tatu haichomi. Inaruka."

"Inamisi?"

"Inamisi."

Sikio alizima injini. Kumisi si ugonjwa wa kujificha. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hulisikia gari linalomisi. Mtu anayepita na kapu lake hulisikia. Yeye alikuwa amelisikiliza kwa bisibisi, siku mbili tofauti, mbele za watu, akasema pampu.

Aligeuka kumtazama mkewe. Swali lake lilikuwa fupi.

"Uliisikia?"

Angeweza kusema hapana. Ulimi ulikuwa umekwisha kujipanga kwa hapana, kwa kuwa hapana ndiyo iliyokuwa imelijenga pazia la siri yao na kulishikilia wakati wote huo. Lakini mtu huyu alikuwa ametoka kumwambia sasa hivi kwamba wengi wanashindwa kwa kuona aibu kurudi nyuma.

"Niliisikia," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza gari lilipoletwa."

"Na mama?"

"Hata mimi," alisema bibi kutoka mlangoni. "Nilikwambia. Ulitia pamba."

Mkewe alisubiri hasira, akawa tayari kuibeba, maana ilikuwa haki yake. Badala yake mume alisimama, akachukua spana yake, akatoka nje.

Alifungua kifuniko cha injini na kuchomoa koili zinazotoa cheche. Ile ya silinda ya tatu akaipeleka kwenye ya kwanza, na ya kwanza akaileta kwenye ya tatu.

"Futa hilo kosa kwenye kompyuta," aliita. "Tuanze upya."

"Si tumekwisha kulijua?"

"Tumeambiwa tu. Kuambiwa si kujua. Kosa likihamia kwenye silinda ya kwanza, koili ndiyo mwizi. Likibaki pale pale, mwizi ni mwingine. Pampu niliibadilisha kwa kuambiwa na kichwa changu. Sibadilishi kitu kingine kwa namna hiyo."

Waliwasha tena. Walisubiri joto pamoja, yeye nje kaweka kiganja juu ya injini, mke ndani kaweka kidole kwenye kibonyezo, wavu wa dirisha ukiwa wazi kati yao. Taa ya njano iliwaka.

"Ya kwanza!" mke aliita. "Imehamia ya kwanza!"

Sikio alicheka. Zamani alikuwa akicheka hivyo kila siku, na mkewe hakuwa ametambua kwamba kicheko kile kilikuwa kimeondoka mpaka kiliporudi.

Koili mpya ilitoka kwa Nati siku hiyo hiyo. Kesho yake asubuhi Sikio alifanya kazi nyingine ambayo hakuna aliyemtuma. Alitoa ile pampu mpya ya mkunga, akaipima ile ya zamani kwenye ndoo ya mafuta, akaiona nzima, akairudisha mahali pake. Mpya akaifunga kwenye boksi lake.

"Unafanya nini?" mama yake aliuliza.

"Narudisha isiyokuwa na kazi."

"Mwanangu, tumia akili. Mwambie vyote viwili viliharibika, pampu na hicho kingine. Nani atajua? Si uongo, ni ukweli uliopunguzwa mchuzi."

Mke alikuwa akisikia, na lazima isemwe kwamba alikuwa upande wa mama mkwe wake. Alikuwa amekwisha kuipanga ile sentensi kichwani, akaichapa vizuri, akaipigia mstari. Mkunga angeipokea, mtaa ungeipokea, na jina la Sikio lingebaki salama. Alikuwa tayari kuisema yeye kama mumewe angeshindwa.

Mkunga alikuja alasiri na hakuja peke yake. Muuza mkaa alikuwa amemleta, kamba nyuma ya pikapu, kwa ajili ya safari ya mjini. Majirani nao walikuwa na shughuli zao za ghafla karibu na uwanja ule. Mtaa wenye roho nzuri sana, lakini hakuna roho nzuri inayokosa kutazama mtu akianguka.

"Vipi, fundi?" mkunga aliuliza.

"Lizungushe kwanza, Mama. Lipeleke mpaka mlimani."

Lilikwenda na kurudi. Lilipoingia uwanjani halikuwa na pengo lolote katika mngurumo wake; kila mtu alilisikia hilo, na muuza mkaa alianza kuikunja kamba yake kwa huzuni ya mtu aliyekosa kazi.

"Limepanda kama kijana," alisema mkunga akishuka. "Kumbe lilikuwa nini?"

Sikio alichukua lile boksi la pampu, akaliweka juu ya boneti mbele yake. Mkewe alishika kingo za dirisha.

"Pampu yako ya zamani ilikuwa nzima, Mama. Nimeirudisha. Hii nitairudisha dukani, na fedha yako utaipata. Ugonjwa ulikuwa koili, gari lilikuwa linamisi silinda moja. Kompyuta ya mke wangu ndiyo iliyoliona." Wote walidhani amemaliza. "Lakini halikuhitaji kompyuta. Lilihitaji mtu mwenye masikio. Mama yangu alilisikia akiwa na ungo wa mchele. Mimi sikulisikia. Sisikii, Mama. Ni muda sasa, na nilikuwa nawaficha."

Hakuna aliyecheka. Muuza mkaa aliinamia kamba yake. Kule dirishani, mke aliona aibu kwanza, kisha fahari iliyokuwa kubwa kuliko aibu hiyo. Alikuwa amemwona mumewe akinyanyua gia boksi peke yake, akaona ni kawaida. Hili alilolinyanyua sasa hakuwahi kumwona mwanamume yeyote akilinyanyua mbele za watu, na yeye ndiye aliyetaka kumsaidia asilinyanyue.

Mkunga aliweka begi lake chini.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Nimewaambia wanawake maneno hayo maisha yangu yote, sikujua kama na mafundi yanawahusu." Kisha akapaza sauti, ile sauti yake ya kazini, inayopita ukuta na uchungu. "Sikio lipi lina nafuu?"

"Hili la kulia, kidogo."

Mkunga alizunguka gari lote, akaja kusimama kulia kwake.

"Basi mimi nitaongelea huku. Gari langu ni lako. Wiki ijayo nakuletea na la muuguzi mkuu, linapiga makelele ambayo hata wewe utayasikia!"

Watu walicheka hapo, na Sikio alicheka nao. Muuza mkaa naye alisogea upande wa kulia, akaanza kumweleza kwa sauti ya kuuza mkaa kuhusu pikapu yake na taa moja ya injini isiyozimika, na wa tatu akasogea nyuma yake.

Mkewe aliwatazama wale watu wakizungumza na mume wake kwa sauti anayoihitaji, wakipata majibu kamili, na jambo moja lilimchoma vikali. Wao walikuwa wamejua tangu muda mfupi tu na tayari walikuwa wanasikika. Yeye, kwa kumtunzia heshima yake, alikuwa amemnong'oneza kwa miaka. Mapenzi yake yote ya kipindi hicho, pole zake zote, sifa zake zote, alikuwa amezisema kwa sauti ambayo mtu huyu hakuweza kuisikia.

Alipanda juu ya kiti. Alitoa kichwa na mabega nje ya dirisha, akavuta pumzi, na akafungua koo ambalo halikufunguliwa tangu watoto walipokuwa wanaitwa kuoga.

"Baba watoto! Hongera! Wewe ndiwe fundi!"

Uwanja mzima uligeuka. Sikio naye aligeuka, papo hapo, pamoja na wenzake. Alimwona pale dirishani, amekunja uso kwa nguvu za kupiga kelele.

"Nimesikia, mama watoto," alisema, akijifuta macho kwa mkono wenye grisi. "Nimesikia. Sema tena."